Chekeamwezi wa Kamuthwa

Laare,
5 Februari 2023

Kaka yangu Salesio,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama huko uliko wa kukusikia ni mawe na maji tu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimechoka kupiga simu na kuambiwa kila mara kwamba hupatikani. Barua hii nampa Mutugi, dereva wa gari la miraa. Ataiacha Embu, dukani kwa Sheila pale mtaa wa Dallas, na Mugendi akija kuuza samaki wake ataichukua na kukuvushia kwa mashua. Pamoja nayo kuna kikapu. Kifungue polepole. Ndani yuko Kendi, paka wa mama.

Usishangae. Ulisema panya wanakula ndengu zako hadi zile za mbegu, na kwamba jioni huna hata mtu wa kumkoholea. Kendi ni hodari wa panya. Tangu tumzike mama mwezi wa nane, amekuwa akizunguka nyumba kama mtu aliyesahau alichoingia kutafuta. Nikawaza: mama alikuwa na watoto wawili. Mimi nilikaa naye miaka yake ya mwisho. Huyo mwingine basi apate japo paka wake.

Hulala miguuni. Maziwa hayanywi baridi. Akipotea, mwite kwa sauti ya chini, "Kendi wakwa," yaani Kendi wangu, kama mama alivyomwita, na atakuja.

Wanawake ninaofunga nao miraa wameniuliza kaka yangu anafanya nini peke yake kisiwani. Nikasema analinda ndege. Wakacheka hadi majani ya migomba ya kufungia yakawaponyoka mikononi. Niandikie habari za hao ndege, niwasomee.

Dada yako,
Cicily


Kamuthwa,
19 Februari 2023

Mwana wa mama,

Milele na milele, amina.

Kendi amefika. Mugendi anasema hakulia njia nzima, alikuwa akichungulia maji kwenye tundu la kikapu kama abiria aliyelipa nauli. Usiku wa kwanza aliua panya wawili akaniwekea kando ya viatu. Sasa yuko miguuni pangu, mzito na mwenye joto. Asante. Sikujua kwamba kitu kidogo hivi kinaweza kuijaza nyumba.

Waambie wenzako hivi. Unakumbuka tulivyochunga mbuzi Kamuthwa kabla ya bwawa? Kilikuwa kilima, tulikipanda hadi tukachoka. Maji yalipokuja yakala miguu yake, yakala kiuno, yakaacha kichwa. Hicho kichwa ndicho kisiwa kizima leo. Nakizunguka na kurudi kabla chai haijapoa. Asubuhi maji yakiwa yametulia huwa nainama nikaona kama njia yetu ya mbuzi bado iko kule chini, yateremka kati ya miti, na kuna mtu anaipanda polepole bila kulowa.

Ndege wenyewe wanaitwa chekeamwezi. Miguu mirefu, magoti manene, macho makubwa ya manjano kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Kiota chao hakijengwi. Hutaga mayai mawili juu ya mchanga mtupu, yenye rangi ya mchanga huohuo, basi. Zamani walitaga kote kando ya mto. Sasa kingo zimelimwa hadi majini, na pasipolimwa ng'ombe wanakanyaga. Wamebaki na hapa. Hapa hapajawahi kuwa na nguchiro, wala mbwa, wala kicheche, kwa hiyo hawana habari ya kukimbia. Ukiwakaribia hujilaza tu wakijifanya mawe.

Karimi, binti wa chuo kikuu anayekuja kuwahesabu kila mwezi, amepata viota thelathini na kimoja. Kikundi chetu cha kutunza bwawa kiliniweka hapa miaka mitatu iliyopita ili wachoma makaa wasiikate migunga, na Karimi anasema ndege ndio walionufaika zaidi.

Jua likizama wanaanza kulia. Sauti inaanza chini, inapanda, inapanda, kisha inafifia, kama mtu anayecheka halafu akakumbuka kwamba ana msiba.

Kaka yako,
Salesio


Laare,
2 Aprili 2023

Kaka Salesio,

Barua yako imekunjwa na kukunjuliwa hadi imekuwa laini kama kitambaa. Nimeisoma mara sita kwenye banda letu la kufungia miraa. Hata mume wangu Marete, ambaye hasikilizi chochote isipokuwa bei ya miraa, alisimama mlangoni hadi mwisho. Sasa tukiketi kufunga mtu husema, "Cicily, leta ile ya ndege wanaojifanya mawe." Na wote wanamuulizia Kendi. Wanasema mama alijua kumtuma paka mahali pazuri.

Tangu barua ile naota. Naota nimekaa kwenye kilele cha Kamuthwa, maji yamenizunguka, hayana mwendo wala sauti, na mama anapita chini yake akiwa amebeba kuni. Simwiti. Namtazama tu hadi anapotelea bondeni. Naamka mkono wangu ukiwa baridi kama uliokuwa majini.

Kendi bado analala miguuni? Niambie amenenepa.

Cicily


Kamuthwa,
11 Juni 2023

Mwana wa mama,

Sijui nianzie wapi, nianze na mlango.

Jana asubuhi nilifungua mlango nikakuta kifaranga wa chekeamwezi kando ya viatu, mahali palepale Kendi anapoweka panya. Mdogo kama ngumi ya mtoto. Macho yake ya manjano yalikuwa wazi. Kendi alikuwa ameketi pembeni akinitazama, anangoja nimsifu.

Si wa kwanza. Mwezi wa nne niliona manyoya chini ya kitanda nikafagia. Mwezi wa tano niliona maganda ya mayai yaliyolambwa nikajiambia ni mwewe. Tena amezaa, watoto watatu, aliwaleta tumboni kutoka Laare, na sasa wanawinda pamoja naye kwenye mawe. Viota havifiki kumi na tano. Wale ndege hawakimbii, Cicily. Wanalala chini wakijifanya mawe na paka anawaokota.

Nilichukua gunia. Nilimtia Kendi ndani nikaenda naye hadi majini. Alinguruma ndani ya gunia kama alivyokuwa akinguruma kwenye paja la mama, maana alidhani nambeba tu. Nikafungua gunia. Nikarudi naye nyumbani.

Nitakuandikiaje haya, nawe unayasoma mbele ya watu?

Hii siitumi.

S.


Kamuthwa,
12 Juni 2023

Dada Cicily,

Kendi hajambo, amenenepa. Amezaa watoto watatu, mmoja mweupe miguu yote.

Habari ya ndege si nzuri. Mayai yanapotea na vifaranga pia. Karimi amehesabu viota kumi na vinne. Ananiuliza sababu, nasema sijui. Labda kuna mkono wa mtu. Wasalimu wenzako wote wa bandani.

Salesio


Laare,
25 Juni 2023

Kaka,

Niliposoma hayo hakuna aliyefunga tena miraa siku hiyo. Mkono wa mtu! Mwenzetu Nelius alilia kabisa. Marete akasema, "Nani anafika huko kwa urahisi ila wavuvi?" Na kweli, kaka, wewe una roho nyepesi, humshuku mtu. Mugendi anapanda na kushuka hapo kama kwake. Mayai mawili hayajazi hata mfuko wa shati.

Sikulala juu ya jambo hili. Nilimpigia simu Mama Gladwell, mwenyekiti wa kikundi chenu, nikamwambia kaka yangu anaona aibu kutaja jina, basi macho yawe kwa wavuvi. Alinishukuru sana. Akasema ataita mkutano.

Usiogope. Hao ndege wana watu.

Dada yako,
Cicily


Laare,
20 Agosti 2023

Salesio,

Wiki nane bila neno lako. Mutugi anasema barua zangu mbili ziko bado dukani kwa Sheila, hakuna aliyezichukua. Mugendi haonekani sokoni. Simu yako ni ileile, hupatikani.

Nimeota tena. Maji yamejaa hadi kizingiti cha nyumba yako, na wewe uko ndani unafagia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Cicily


Kamuthwa,
8 Oktoba 2023

Mwana wa mama,

Barua hii inabebwa na Karimi. Ndani yake nimeweka nyingine ya mwezi wa sita, ambayo sikuituma. Isome hiyo kwanza, peke yako, kisha urudi hapa.

Umesoma. Basi.

Mkutano ulifanyika mwanzoni mwa Julai. Mama Gladwell alisimama akasema habari zimefika hadi Meru kwamba wavuvi wanaiba mayai. Watu wote wakamgeukia Mugendi. Mimi nilikuwa benchi ya mbele. Mugendi akasema, "Muulizeni Salesio. Yeye ndiye anakaa huko. Salesio, umewahi kuniona na yai?" Nilisema, "Sijakuona." Hayo tu. Sikuongeza neno. Na mtu anaposema sijakuona kwa sauti kama ile yangu, watu husikia kwamba ameona. Walikokota mashua yake hadi nyuma ya duka moja la ng'ambo wakaifunga kwa mnyororo. Ndiyo maana hukupata barua.

Mkewe, Ciakuthii, alirudi kuchunga mbuzi wa watu. Kila asubuhi nilikuwa nikimwona ng'ambo, mwanamke mdogo kama nukta anayetembea kando ya maji nyuma ya nukta nyingine. Maji yale ni kitu cha ajabu. Unaweza kumtazama mtu uliyemkosea siku nzima na asikuone.

Mwezi uliopita Karimi alitega kamera ndogo kando ya viota vilivyobaki. Alikuja wiki iliyopita kuitoa. Tuliketi mlangoni, akanionyesha picha moja. Ilikuwa ni Kendi, ameinua kichwa, mdomoni ana kifaranga.

"Mzee, huyu ni nani?" akaniuliza. Aliuliza kwa upole. Alijua.

Ulimi wangu ukasema wenyewe, "Ni mama."

Kisha mimi nikaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, na binti wa watu akakaa hapo akitazama maji hadi nikamaliza. Halafu akasema, "Nikiipeleka picha hii kwa kamati ya kikundi, watajua kwamba Mugendi hakuiba. Lakini ukienda wewe, watajua kwamba wewe ulisema."

Nilikwenda. Nilisimama palepale aliposimama Mugendi nikayasema yote, kuanzia manyoya chini ya kitanda. Mama Gladwell alishika shavu. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Nilimgeukia Mugendi nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akasema, "Makasia yangu yako wapi?" Wakampa. Akatoka.

Watoto wa Kendi tumewanasa wote watatu, wako kwa Mama Gladwell. Kendi mwenyewe hanaswi. Ameyaacha maziwa, ameniacha mimi, anaishi kwenye nyufa za mawe. Nimemwita kama ulivyonifundisha, hatoki. Pengine sauti yangu anaijua sasa ni ya mtu wa gunia.

Viota vilivyobaki ni vitatu.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini usinisomee bandani.

Salesio


Laare,
15 Oktoba 2023

Salesio,

Nimesoma peke yangu, kama ulivyotaka, nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha mama.

Nilikasirika. Nikakuandikia barua mbaya, nikaichoma. Ungeniambia, kaka. Ni paka. Mimi ni dada yako, si mwenye paka.

Lakini nikiwa nimekaa pale nimejiona nami. Nilikuambia Kendi ni zawadi. Kweli ni kwamba kila alfajiri alikuwa akilia kwenye mlango wa chumba cha mama, analia na kukwaruza, na mimi nilikuwa nikilala na mto juu ya masikio. Nilitaka aondoke. Nilimtia kikapuni kwa haraka kabla sijabadili nia, kisha nikaandika maneno mazuri juu yake. Na Mugendi je? Wewe ulinyamaza tu. Mimi ndiye niliyepiga simu.

Mpe Mama Gladwell habari kwamba nitafika Ijumaa ijayo. Nina maneno ya kusema kwa Mugendi, na nina paka wa kuchukua.

Cicily


Laare,
26 Novemba 2023

Kaka yangu,

Tangu nitoke kwako mvua haijakatika. Barabara ya kutoka Meru imekuwa mto, na Mutugi amelala njiani siku mbili na miraa ikaharibika yote. Nakuwaza na maji yako.

Kendi yuko. Siku zile tatu nilizokaa nikimwita kwenye mawe zinanirudia kama kitu nilichosimuliwa. Jua lilikuwa kali, ziwa jeupe, sauti yangu ikawa si yangu tena, ikawa ya mama. Ulisikia pia? Hukusema kitu, lakini niliona umevua kofia. Na alipotoka ufani, mwembamba, miiba kwenye manyoya, akaja moja kwa moja hadi kwenye paja langu, nilijua hakuwa na hatia hata chembe. Tulimpeleka mahali ambapo hakuna anayejua maana ya paka.

Sasa analala mlangoni pa chumba kile cha mama. Halii. Au analia na mimi siweki mto masikioni tena.

Mugendi aliponivusha kurudi hakuzungumza nami hadi nchi kavu. Nilimwambia niliyokuwa nayo. Akasema, "Mama, mashua ikifungwa mnyororo miezi mitatu kwenye jua hupasuka. Nimeiziba, lakini inaingiza maji kidogo." Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Sidhani alikuwa akisema habari za mashua peke yake.

Wanawake wa bandani niliwaambia yote, mimi mwenyewe, bila barua. Nelius akauliza kama vile viota vitatu bado vipo. Vipo?

Cicily


Ng'ambo ya Kamuthwa,
10 Machi 2024

Mwana wa mama,

Umeona nimeandika nini hapo juu? Sasa niko nchi kavu, mtandao upo, ungeweza kunipigia hata sasa hivi. Lakini nimezoea kukuambia mambo namna hii.

Vile vitatu havikupona. Mvua zile ziliinua maji hadi yakafunika fukwe zote za mchanga. Desemba nzima sikumsikia chekeamwezi hata mmoja. Jua lilizama kimya, kila siku, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kukuamsha. Nilikaa na mitego ya panya. Karimi alisema panya nao hula mayai, na wao pia ni wageni, walikuja ndani ya magunia yangu ya mahindi. Nilitega hadi nikakaa wiki sita bila kumwona hata mmoja.

Katikati ya Januari nilitoka asubuhi nikakuta ndege wawili wamesimama uani. Kesho yake wakawa wanane. Wiki iliyofuata, kumi na wanane. Walitembea mbele ya nyumba na katika shamba langu la ndengu, wakisimama kwa mguu mmoja, wakinitazama kwa macho yale. Lakini hawakutaga. Karimi alikuja, akakaa nami kuwatazama.

"Wanangoja," akasema.

"Wanangoja nini?"

"Sijui, mzee." Lakini alikuwa akiitazama nyumba.

Baada ya yeye kuondoka nilikizunguka kisiwa. Haichukui muda siku hizi. Mahali pote palipobaki ni mawe na miiba, isipokuwa uwanja mmoja tambarare, wenye mchanga laini, uliofagiliwa. Nimeufagia mimi kwa miaka minne. Nyumba yangu imesimama katikati yake. Nikaketi juu ya jiwe, Cicily, na jambo hilo likanijia taratibu, bila kunitisha, kama maji yanavyopanda. Panya walikuja na magunia. Kendi alikuja na kikapu. Na mimi nilikuja na mtumbwi.

Nilipomwambia Mama Gladwell kwamba nataka kuhama kisiwani, alikataa. "Nani atalinda?" akauliza. Nikasema nitalinda kutoka huku, kwa mashua, na kwamba siwezi peke yangu, nataka mtu anayelijua bwawa. Nilimtaja Mugendi. Kamati ikamuuliza kama atakubali kufanya kazi na mimi. Akasema, "Kazi nitafanya." Hakusema na nani.

Tulibomoa nyumba kwa siku mbili. Mabati, nguzo, kitanda, mafiga, vyote tulivivusha. Ndengu niliziacha, Karimi akazing'oa baadaye. Siku zile zote mbili Mugendi hakunisemesha ila "shika" na "inua". Mwisho nilichukua ufagio nikafagia nyayo zetu hadi majini, kisha nikautupa ufagio ndani ya mashua.

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Sikuthubutu kwenda. Jioni nilisikia sauti zao kwa mbali, moja, halafu nyingine ikijibu, na nikiwa nimelala kwenye chumba hiki cha kupanga nilidhani naota.

Leo baada ya misa Karimi alivuka peke yake kuhesabu. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa akitembea haraka na hakuweza kuongea sawasawa. Viota saba. Kimoja kiko hasa pale kilipokuwa kitanda changu.

Nilitamani kuona. Nilimwambia Mugendi, naye akaitoa mashua. Tulikwenda polepole, yeye akipiga kasia, mimi nikiteka maji yanayoingia na kuyamwaga. Jua lilikuwa linashuka, ziwa limekuwa kama maziwa yaliyotiwa chai. Kisiwa kilikuwa kikikua mbele yetu. Niliona uwanja, na juu ya uwanja niliona kitu kama jiwe, halafu jiwe likageuza kichwa.

Nilishika ukingo nijiandae kushuka.

Mugendi akainua kasia. Mashua ikaelea yenyewe kidogo, kisha ikasimama.

"Salesio," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu siku ya mkutano. "Hapa panatosha."

Tukakaa hapo hapo.

Kaka yako,
Salesio